Wivu Wangu kwa Bi Salima, Mpishi wa Uji

Wiki mbili baada ya kuagwa kazini, mwalimu kijana aliyerithi darasa langu alinifuata nyumbani. Alitaka nimwandikie jinsi tulivyoanza kuwafundisha watoto wenye usonji pale chekechea, tangu enzi ambazo hata neno hilo hatukuwa nalo. Alikuja na daftari jipya na kalamu mbili, kana kwamba mstaafu hana kalamu. Basi naandika. Mambo ya mabeseni, mchanga na maji atayakuta humu. Ila kazi ile ilipita kwenye jambo lingine ambalo hakuna semina iliyowahi kulitaja mbele yangu. Nilimwonea wivu mpishi wa uji. Nilimwonea kwa miaka, na nusura mtoto wa watu aangamie kwa sababu hiyo.

Nilianza kufundisha chekechea mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika shule moja ya msingi pale Ufukoni. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya majembe, na harufu ya kutu haikutoka mpaka nilipostaafu. Siku ya kwanza nilikuta watoto wamejaa juu ya majamvi, baadhi wanalia, mmoja amelala fofofo, mwingine anakula chaki. Niliimba mpaka sauti ikakauka. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Lipande, mtu mrefu asiye na maneno mengi, alisimama mlangoni akinitazama. Watoto walipokwisha kutoka akaniambia:

"Mwalimu Somoe, umewatazama midomo siku nzima. Kesho watazame mikono."

Hakueleza zaidi. Alikuwa hivyo. Akikupa sentensi moja ilikutosha muhula mzima.

Vifaa vyetu tulivitafuta wenyewe. Vizibo vya soda vya kuhesabia, makopo ya maziwa, vipande vya vitambaa kutoka kwa mafundi cherehani, udongo wa kufinyanga. Korosho tulitumia zilizokwisha kubanguliwa, na ni mara chache, kwa kuwa zililiwa kabla ya kuhesabiwa. Mwalimu unayesoma hapa, usimpe mtoto korosho yenye ganda. Utomvu wake unababua ngozi, na watoto wadogo hutia kila kitu mdomoni. Hilo nililijua kwa mtoto mmoja aliyevimba midomo wiki nzima.

Nilikuwa mwalimu mzuri. Nalisema bila haya, kwa sababu wivu wangu ulianzia hapo hapo. Watoto walinipenda. Tukitoka nje waligombania vidole vyangu, kila mmoja ashike chake. Nikapita sokoni, mtoto aliyebebwa mgongoni anamwambia mama yake, "Yule mwalimu wangu." Nilizoea. Mtu akizoea kupendwa anadhani ni haki yake.

Rukia aliletwa katikati ya miaka ile, akiwa na umri wa miaka minne. Alikuwa mtoto mzuri wa sura, mwembamba, anatembea kwa ncha za vidole kama anayevuka sakafu iliyolowa. Hakusema neno lolote. Hakumtazama mtu machoni. Ukimpa kopo atalizungusha chini mpaka adhuhuri. Kengele yetu ilikuwa rimu ya gari iliyopigwa kwa nondo, na kila ilipolia Rukia alianguka chini ameziba masikio, akipiga kelele zilizofika mpaka ofisini. Nyumbani walikwisha kumsomea, wakampeleka kwa waganga, wakaambiwa amechezewa na wabaya. Mama yake, tuliyemwita Mama Rukia, alikuwa fundi wa kushona. Baba yake alinunua samaki wakavu Msimbati na kuwauza mjini.

Siku ya kumwandikisha, mama yake alinivuta pembeni.

"Mwalimu, baba yake amesema mwisho mwezi wa sita. Shule zikifungwa na hakuna mabadiliko, anampeleka shamba kwa bibi yake."

"Huko atasoma?"

"Huko atafungiwa ndani, mwalimu. Bibi mwenyewe ni mtu mzima, hawezi kumkimbiza."

Nikamwambia aniachie. Nilikuwa na hakika kabisa.

Nilijaribu kila nilichokijua. Kadi za picha, nyimbo, kumshika kidevu ili anitazame. Leo najua kumshika kidevu ni kosa, lakini ndivyo tulivyofundishwa. Aliniuma mkono mara mbili. Mlio wa chaki ubaoni ulimtia wazimu. Februari ikapita, Machi ikapita, na kila asubuhi nilimwambia mama yake, "Anaanza kuzoea," hali ya kuwa hakuna alichozoea.

Siku moja, baada ya mapumziko, nikamkosa darasani. Nilizunguka chooni, uwanjani, getini. Nikamkuta bandani jikoni. Amekaa kwenye mkeka kando ya Bi Salima, mikono yote miwili imezama ndani ya beseni la unga wa muhogo mpaka kwenye viwiko, na uso wake umetulia kama wa mtu anayesikiliza habari njema.

Bi Salima alikuwa mjane wa makamo kutoka Kitaya, kule mtoni. Aliishia darasa la pili, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimakonde ndani yake. Mimi na yeye tulikuwa tukiamkiana tu na kuulizana uji umeiva au bado. Wakati ule hakuwa hata anamtazama mtoto. Alikuwa anachekecha unga, na kila alipoumimina kwenye beseni alisema neno moja, taratibu, "Mwaga." Kisha anachekecha tena. "Mwaga."

"Rukia, njoo darasani," nikasema.

Mtoto hakugeuka. Nilipomshika mkono akapiga kelele.

"Nwache amalize, mwalimu," Bi Salima akasema. "Ntoto hajamaliza."

Mimi, mwenye cheti, naambiwa na mpishi kwamba mtoto hajamaliza.

Nilimruhusu aende jikoni kila siku baada ya mapumziko, kwa kuwa alirudi ametulia na darasa likapumua. Lakini nilikuwa nachungulia. Dirisha langu lilitazama banda lile, na nilijifunza kuandika ubaoni huku shingo imegeuka. Niliona mengi. Bi Salima hakukaa uso kwa uso naye, alikaa ubavuni. Hakumpa vitu viwili kwa wakati mmoja. Siku za joto alimtobolea kopo matundu chini na kumwachia maji yamchuruzike viganjani. Alimpa mchanga wa pwani uliochekechwa, akamwacha kwanza aguse kwa kidole kimoja, na kama hataki, anauondoa bila kusema kitu. Akitaka kumpeleka mahali hamvuti. Anasimama, ananyoosha kidole kimoja chini, anangoja. Na Rukia, aliyeniuma mimi, anakishika.

Niliyaandika yote kwenye daftari la maendeleo ya mtoto, kwa mwandiko wangu mzuri: "Mtoto ameanza kuvutiwa na unga na maji. Anakubali kuongozwa." Jina la Bi Salima sikuliandika popote. Mwalimu Lipande alisoma akasema, "Kazi nzuri." Nikamjibu asante.

Mwezi wa tano mwanzoni nilikwenda jikoni kuchukua kikombe. Bi Salima aliinua ungo wenye unga juu ya beseni, kisha akausimamisha hewani. Hakumwaga. Alikaa hivyo, mkono umeinuliwa, macho yake kwenye moto. Mtoto akatazama ungo. Akatazama beseni. Muda ukapita mrefu kiasi kwamba mimi mwenyewe nilitaka kusema neno hilo yaishe.

"Mwaga," Rukia akasema.

Bi Salima akamwaga. Hakumpigia makofi, hakumkumbatia. Akachekecha tena, akainua tena, akangoja.

Nilipaswa kufurahi, na furaha kidogo ilikuwapo, sikatai. Lakini juu yake kilikaa kitu kingine kilichonikaba kama kipande cha muhogo mkavu. Neno la kwanza la mtoto niliyemhangaikia miezi minne halikusemwa kwangu. Hata sikuangaliwa.

Mchana mama yake alipokuja kumchukua, nilimkimbilia getini kabla mtu mwingine hajamfikia. "Rukia amesema leo. Amesema neno kamili. Juhudi zetu za darasani zimezaa matunda." Mama Rukia alishika mikono yangu akalia. Nilipoinua macho nikamwona Bi Salima kasimama hatua chache nyuma na sufuria mkononi. Alisikia yote. Akageuka akaenda kuosha sufuria yake. Kesho yake Mama Rukia aliniletea samaki wanne, changu wakubwa. Niliwapokea. Niliwala. Walikuwa watamu, hilo nalo niliseme.

Lililonimaliza lilikuwa dogo. Ijumaa moja mama yake alikuwepo, nami nikataka kumwonyesha jinsi mtoto anavyonizoea. Nikachuchumaa nikafungua mikono. Rukia akanipita kama kiti, akaenda moja kwa moja kwa Bi Salima aliyekuwa ameinama kupuliza moto, akalaza shavu lake mgongoni mwake. Akafumba macho. Mama yake akacheka kwa furaha akasema, "Tazama, anampenda Bi Salima." Nami nikacheka.

Jumatatu nilikuwa ofisini kwa Mwalimu Lipande kabla ya paredi. Nilimwambia jikoni kuna moto, kuna maji ya kuchemka, mtoto akiungua nani atajibu? Nikaongeza habari ya usafi wa chakula, mikono ya mtoto ndani ya unga. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Alinitazama kidogo. "Ni moto tu, Mwalimu Somoe?"

"Ni moto tu."

Akapiga marufuku. Nilikwenda kumwarifu Bi Salima mwenyewe, maana nilitaka kuuona uso wake. Alifuta mikono kwenye kanga. "Sawa, mwalimu," akasema. Basi.

Nilifunga mlango wa darasa kwa komeo. Siku ya kwanza Rukia alisimama mlangoni asubuhi nzima. Siku ya pili alianza kugonga kichwa ukutani, taratibu, kama anayehesabu. Nilimtengenezea beseni langu la unga, nikakaa mbele yake nikasema "Mwaga, mwaga," kwa sauti ya kubembeleza, nikimtazama usoni. Alilipiga teke. Akaacha kunywa uji. Neno lake likapotea. Wiki ya pili baba yake alikuja mwenyewe kumchukua, akaona paji la uso limevimba. Hakugomba. Alisema, "Inatosha, mwalimu. Mmejitahidi." Akambeba begani akaondoka naye.

Nitasema nililohisi, kwa kuwa nimeamua kusema. Nilihisi nafuu. Nilijiambia: sasa si wangu, lakini si wake pia.

Nafuu ile ilidumu mpaka Alhamisi, nilipokwenda nyumbani kwao kumtazama, kama mwalimu anavyopaswa. Mama Rukia alinikaribisha ndani. Mtoto alikuwa sakafuni, mguu wake mmoja umefungwa kwa kanga kwenye tendegu la kitanda.

"Usinione mbaya, mwalimu," mama akasema. "Katoroka mara mbili. Anavuka barabara kubwa peke yake, na magari yale. Mara zote mbili tumemkuta jikoni kwenu, jioni, hakuna mtu. Kakaa mbele ya majivu."



"Jumamosi baba yake anampeleka shamba." Alikaa kitandani, akalaza mkono kichwani kwa mwanawe. Mtoto akauepa. "Mwalimu, mie nakuuliza kwa wema. Wewe ndiye uliyemfundisha kusema. Kwa nini kwako ameshindwa kukaa?"

Nilisema nitarudi. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Bi Salima, chumba alichopanga nyuma ya soko. Alikuwa anamenya muhogo. Hakunikaribisha kiti, nami nikakaa kizingitini. Nilimweleza niliyoyaona. Kisu chake kikasimama.

"Wamenfunga?"

"Kwa kanga. Bi Salima, nimekuja kukuomba. Jumamosi anapelekwa. Nifundishe unavyofanya, niende nikamwonyeshe baba yake."

"Nikufundishe nini, mwalimu? Mie sikuwa na kazi naye. Nilikuwa nachekecha unga wangu. Akitaka anakaa, hataki anakwenda zake." Akaendelea kumenya. "Wewe ulikuwa unamtaka. Ntoto anajua akitakwa. Anachoka."

Nilitamani ardhi inimeze. "Haikuwa habari ya moto," nikasema.

"Najua haikuwa moto. Mie nimepika tangu nina miaka saba, sijaunguza ntoto wa mtu." Sauti yake haikupanda. "Ulisema mbele ya mama yake ni kazi ya darasani. Nikasema moyoni, sawa, yeye kasoma, achukue. Neno achukue. Lakini ukanfungia ntoto nnango, mwalimu. Kwangu mie ungenifanya lolote. Yeye alikukosea nini?"

Nikalia. Hakunibembeleza. Baadaye akasema atakuja nami kwa wale wazazi, kwa sharti moja: asubuhi nimweleze Mwalimu Mkuu ukweli, na yeye awepo akisikia.

Nilifanya hivyo. Sijawahi kusimama mahali pagumu kama mbele ya meza ile. Mwalimu Lipande alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nendeni kwanza kwa mtoto. Wewe tutazungumza." Hatukuzungumza kamwe, na nadhani alijua kwamba kungoja mazungumzo hayo ndiyo adhabu yenyewe.

Ijumaa alasiri tulikwenda. Baba yake Rukia alikubali tuingie kwa adabu tu, mzigo wa mtoto ulikuwa umekwisha kufungwa. Bi Salima hakumsalimu Rukia wala kumgusa. Alikaa sakafuni ubavuni pake, akatandika gunia, akaweka beseni, akaanza kuchekecha. Mama akafungua kanga mguuni. Muda mrefu mtoto alitazama ukuta. Kisha mkono mmoja ukaingia kwenye unga. Bi Salima akainua ungo, akaushikilia.

"Mwaga."

Baba yake hakuwa amelisikia neno hilo hata siku moja. Alikuwa kasimama mlangoni, akakaa chini alipo, kwenye vumbi, na kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Baada ya kitambo akauliza, "Na mimi naweza kushika hicho?" Bi Salima akampa ungo. Aliinua akangoja. Rukia hakusema kitu kwake siku ile, wala alipojaribu tena kesho yake hakusema. Lakini mzigo ulifunguliwa. Hakuna aliyetangaza, mama alirudisha tu nguo kwenye sanduku.

Kuanzia hapo tulitengeneza kona ndani ya darasa, mbali na dirisha la barabarani. Nakuandikia, mwalimu, ilivyokuwa. Mabeseni mawili tu, siku zote mahali pale pale. Moja la vitu vikavu: mchanga, mahindi au unga. Jingine la maji, na makopo yenye matundu makubwa na madogo. Gunia, kitenge na ufito wa kugusa. Ubao wangu niliufuta kwa kitambaa kibichi, maana chaki haipigi mlio kwenye ubao wenye unyevu. Mwalimu Lipande aliihamishia rimu kwenye madarasa ya juu, mbali nasi, akaniagiza kwetu nipeperushe kitambaa chekundu badala ya kengele. Bi Salima alipika uji alfajiri, na saa nne anakuja kukaa kwenye kona. Wazazi wa Mikindani na vijijini wakasikia, wakaleta wengine waliokuwa wamefichwa. Si wote walisema. Wako walioishia kujua kunywa uji bila kuumwaga, na kwa mama zao hilo lilikuwa kubwa.

Rukia naye alitupa majina. Alimwita Bi Salima Mwaga. Mimi aliniita Chaki, kitu alichokichukia kuliko vyote. Niliitika.

Ungependa kusikia kwamba wivu uliisha. Haukuisha, ulijifunza adabu tu. Kila mtoto mpya alipoegemea kwa Bi Salima nilihisi kile kipande cha muhogo, na nikaendelea kuandika ubaoni. Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili niliitwa kwenye semina Dar es Salaam. Mwezeshaji alitaja usonji, akaonyesha picha za watoto wanaochezea mchanga kwenye sinia, akauliza kama kuna aliyewahi kujaribu. Nilinyoosha mkono nikaeleza kona yetu yote, kwa ufasaha. Nilisema "nilifanya," "niligundua," "nilingoja." Walinipigia makofi. Niliporudi nilimwambia Bi Salima ule ugonjwa wa kina Rukia si ugonjwa hasa, ni hali, na ina jina. Akasema, "Kumbe ina jina," akaniuliza kama Dar mvua imenyesha. Habari ya makofi sikumpa.

Miaka michache baadaye aliacha kazi akarudi Kitaya kumuuguza mama yake. Rukia wakati huo alikuwa msichana mrefu, anakunja vitambaa vya mama yake na kwenda dukani peke yake na orodha ya picha. Nilifikiri nafasi imebaki wazi. Watoto walikuja kwenye kona, nami nilikaa ubavuni, sikuwashika kidevu, nilingoja. Baadhi waliniegemea. Nilikuwa mzuri. Yeye alikuwa mzuri zaidi, na kutokuwepo kwake hakukubadili hilo.

Mwezi uliopita, nikiwa sasa sina kengele ya kuniamrisha, nilikwenda Kitaya kumtazama. Nilimkuta uani amezeeka, magoti hayamsaidii, na watoto wanne wa majirani wamemzunguka, mmoja akijitikisa mbele na nyuma na mpunga kwenye viganja. Mama zao walikuwa wamekaa kibarazani. Kitoto kimoja cha kike kilikuwa kimeegemea mgongo wake, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nilihisi vile vile.

Bi Salima alifurahi kuniona. Akawageukia wale akina mama akasema kwa sauti, "Huyu ndiye Mwalimu Somoe niliyewaambia. Kazi hii yote kanifundisha yeye."

Hakukuwa na kejeli usoni pake. Niliitafuta kejeli nikaikosa. Akina mama wakainuka, wakaja kunipa mikono, mmoja akapiga goti. Nikawaambia si kweli. Nikawaambia yeye ndiye aliyenifundisha mimi, kwamba nilimwibia sifa zake mbele ya wazazi na mbele ya wakubwa, na kwamba nilimfungia mtoto mlango kwa wivu. Nilisema polepole, wote wasikie.

Walinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza. Kisha yule aliyepiga goti akamwambia mwenzake, "Unaona watu waliosoma wanavyojishusha?" Wakaniletea kiti.

Ndiyo maana nimeandika.